Zaburi ya 146 na Boti Iliyojaa

Kwenye mialo, yaani bandari ndogo za boti, ya Mwanza na Ukerewe katika Ziwa Victoria, kuomba kabla ya safari ni jambo la kawaida, na ni jema. Ugomvi wangu ni na ile "Mungu atatufikisha" inayotamkwa na mwenye boti, huku abiria wa ishirini na tano akisukumwa kwenye chombo cha watu kumi na tano.

Zaburi ya 146 inatukataza kuwatumainia wakuu. Tukiisoma tunamfikiria waziri au mkuu wa mkoa. Kule mwaloni, mkuu ni mwenye chombo, pamoja na nahodha anayesema ziwa analijua tangu utotoni. Hao tunawaamini kuliko Mungu, tena tunawaogopa, ndiyo maana hakuna anayeshuka.

Someni Matendo 27 polepole. Saumu ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, majira ya hatari baharini, na Paulo, aliyekuwa mfungwa merikebuni, akaonya. Akida, mkuu wa askari, akamsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Tufani ilipowafika, Paulo alipewa ahadi kwamba hakuna atakayepotea. Sasa angalieni yaliyofuata ahadi hiyo. Mabaharia wakatia bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, wakapata pima 20, wakatia tena wakapata 15, wakashusha nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma. Paulo hakuwaambia hawana imani. Walipotaka kutoroka na mashua, alimwambia akida kwamba bila hao hakuna kuokoka, na askari wakakata kamba za mashua. Kisha akawasihi watu wote 276 wapate chakula, na ngano iliyobaki ikatupwa baharini ili chombo kiwe chepesi. Nanga haishindani na Mungu.

Yaleteni hayo ziwani. Kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200, kilisajiliwa kubeba watu 101. Kilikuwa kimekaribia gati. Hapo ndipo abiria husimama na kujazana upande wa kushukia: uzito unapanda juu, unahamia ubavuni, na chombo kilichozidiwa hakina nafasi ya kujiinua. Hata kwenye boti ndogo, kaeni mpaka kamba ifungwe.

Jaketi la kuokolea livaliwe nchi kavu na lifungwe kamba zote. Lililo chini ya kiti hubaki chini ya boti, na lisilofungwa hupanda likakuziba uso. Boti ya mbao ikipinduka, mara nyingi huendelea kuelea, hivyo ing'ang'anieni. Ufukwe unaoonekana karibu huwa mbali kwa mwogeleaji aliyevaa nguo. Na safari za usiku "kwa imani"? Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa, na ngurumo huumbwa huko hadi alfajiri.

Hata uokoaji wenye mamlaka si wa kuabudiwa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilikuwa imepinduka ziwani humo humo ikielea kwa hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walipoitoboa, hewa ikatoka, meli ikazama na waliokuwa bado humo.

Kumtumaini Mungu mwaloni, kwa maoni yangu, husikika hivi: "Nirudishie nauli yangu, nashuka." Ni sentensi ngumu mbele ya abiria wanaokuita mwoga, na ngumu zaidi kama mwenye boti ni mzee wa kanisa lako.

Safari ya Paulo iliishia Malta. Wenye kujua kuogelea waliruka kwanza, wengine wakafika juu ya mbao na vipande vya merikebu. Merikebu yenyewe, ile ya mtu aliyesadikiwa kuliko Paulo, ilibaki imekwama pua kwenye mchanga, tezi likivunjwa na mawimbi.