Kabla ya Kufuma Eabegi, Nairobi Ifume Mkanda

Mjadala wa kufufua viwanda vya nguo hauishi Nairobi, na kila unapozuka hakosi mtu wa kusema: tuache kukimbizana na mitumba ya Gikomba na fulana za bei ya chini, tufume vitambaa vya kiufundi. Mfano unaotajwa sana ni kitambaa cha eabegi, ule mfuko wa hewa unaochomoka kwenye usukani gari linapogonga. Hoja yao ni rahisi. Kitambaa hicho hakifuati fasheni, hakihitaji maua wala mistari, na ufumaji wake ni ule wa somo la kwanza kabisa: uzi mmoja juu, mmoja chini. Kwa nini kisifumwe Ruaraka au Thika?

Mimi siungi mkono, angalau si kwa sasa; tuanze na mkanda wa usalama wa gari. Ila wengi wanaopinga hupinga kwa dharau tu, kana kwamba Mkenya hawezi kuendesha mtambo wa kisasa. Hilo si jibu. Jibu limo ndani ya kitambaa chenyewe, na ni vyema kukitazama kwanza.

Ukipita Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, mwombe fundi akuonyeshe eabegi ya dereva iliyokwisha kulipuka, kisha uigeuze nje ndani. Mara nyingi upande wa ndani utakuta utelezi mwembamba: hiyo ni silikoni iliyopakwa kuzuia gesi isipenye. Katikati pana tundu la duara ambamo gesi huingilia, limeongezewa matabaka ya kitambaa na kuzungushiwa mishono, duara ndani ya duara. Pembeni mwa tundu hilo utaona vidoa vyeusi, pale chembe za moto zilipotua. Nyuma, upande usiomtazama dereva, kuna matundu ya kutolea gesi, na ndani zimeshonwa kanda za kuuvuta mfuko usije ukamrukia dereva usoni. Chukua kioo cha kukuzia uhesabu nyuzi: kwa uzi wa kawaida wa desiteksi 470, yaani uzi ambao mita 10,000 zake zina gramu 470, utapata nyuzi 18 hivi kwa kila sentimita, mtande (nyuzi za urefu) sawa na mshindio (nyuzi za upana). Usawa huo umekusudiwa. Kitambaa kikiwa na nguvu zaidi upande mmoja, mfuko utavimba vibaya na kuchanika upande wa pili.

Kazi yake yote huisha kabla hujapepesa jicho. Kihisi cha gari kikishaamua kwamba hii ni ajali na si shimo la barabarani, mfuko wa dereva wenye lita 50 au 60 hujazwa kwa takriban milisekunde 30. Mmarekani John Hetrick alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1953, lakini ilichukua miongo kadhaa kabla ya eabegi kuwa kitu cha kawaida garini, kwa sababu wazo lenyewe lina mkanganyo ndani yake. Mfuko lazima ushike gesi ili uwe mto, na lazima uiachie ili usiwe ukuta. Ukibana mno, kichwa kinadunda. Ukivuja mno, kichwa kinaupita na kuukuta usukani. Mbunifu wa kitambaa anaishi katikati ya hatari hizo mbili, na anachoweza kubadilisha si vingi: unene wa uzi, msongamano wake, uzito wa silikoni, ukubwa wa matundu.

Hapo ndipo ubishi wa nailoni na poliesta unapoingia, nao unatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Kwa miaka mingi uzi wa eabegi umekuwa nailoni 6,6. Poliesta ni rahisi kupatikana na bei yake ni ya chini, na ukitazama joto la kuyeyuka tu, hazitofautiani sana: zote mbili huyeyuka karibu na nyuzijoto 260. Tofauti iko kwenye kiasi cha joto ambacho uzi unameza kabla ya kufika huko. Poliesta huhitaji pungufu kwa karibu robo, kwa hiyo chembe ya moto ileile inaweza kuacha doa kwenye nailoni na kutoboa poliesta. Poliesta pia ni nzito zaidi kwa ujazo uleule, na hunyooka kidogo kuliko nailoni, hivyo mshtuko wa gesi huangukia mishono. Watetezi wake wana majibu. Vifaa vya gesi vya siku hizi havina ukali wa joto kama vile vya zamani, mpako unaweza kuongezwa, mishono inaweza kubuniwa upya. Majibu hayo yana uzito, kwani poliesta tayari imo katika eabegi za magari mengi. Uhaba wa nailoni 6,6 wa mwaka 2018, ulioletwa na upungufu wa adiponitrili, kemikali ya kutengenezea nailoni hiyo, inayotolewa na kampuni chache mno duniani, uliwasukuma wengi upande huo.

Lakini gari linalofika Nairobi lina maisha tofauti na lile analolifikiria mbunifu akiwa Japani. Sheria yetu inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane. Likishuka bandarini Mombasa, eabegi yake imekwisha kukunjwa miaka saba hivi, na hapo ndipo maisha yake ya pili yanapoanza: miaka kumi, kumi na mitano, pengine zaidi, dashibodi ikichomwa na jua kila mchana. Poliesta haipendi joto na unyevu vikikaa pamoja kwa muda mrefu, kwani maji huikata minyororo ya molekuli zake pole pole. Nailoni nayo huzeeka, kwa njia yake. Mtu wa Nairobi atasema hapa kwetu hakuna unyevu wa Mombasa, na ni kweli, ila gari haliulizwi litauzwa wapi. Ningekuwa nanunua mimi, ningechagua nailoni iliyopakwa silikoni na nisiumie na bei.

Sasa turudi kwa wanaotaka tufume. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote hawaisemi vizuri. Dunia huunda magari zaidi ya milioni 90 kwa mwaka, na mengi ya mapya yana eabegi sita au zaidi. Kushona mifuko hiyo ni kazi ya mikono mingi, ndiyo maana ilihamia Mexico, Romania na kwingineko ambako mshahara ni mdogo kuliko Ujerumani au Marekani. Athi River ina maelfu ya washonaji waliozoea kasi na ukaguzi wa wanunuzi wa nje tangu mpango wa AGOA, wa kuuza nguo Marekani bila ushuru, uanze mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha uhandisi wa nguo na kinamiliki kiwanda cha nguo cha Rivatex kule Eldoret. Si watu waliokosekana, wala si vichwa.

Kinachokosekana kinaanza kuonekana siku stima inapopotea. Mtambo wa kufuma ukisimama ghafla na kuwashwa tena, mshindio wa kwanza hauketi mahali pake. Unabaki mstari mwembamba unaokatiza upana wote wa kitambaa, pengine nyuzi zimesongamana, pengine zimeachana. Kwenye shuka la hospitali hakuna atakayeuona. Kwenye kitambaa cha sare, mkata nguo anauruka. Kwenye eabegi, mstari ambao nyuzi zimeachana ni mahali gesi itakapopita, na kila mstari unahesabiwa kama kasoro. Jenereta ni dawa, betri ni dawa, na viwanda vyetu vingi tayari vinaishi kwa dawa hizo. Ila kila dawa ina bei, na bei hiyo inaingia kwenye mita ya kitambaa inayoshindana na mita iliyofumwa mahali ambapo stima haikatiki.

Mstari wa kusimama ni kasoro unayoiona, na ndiyo nafuu yake. Ugumu mkubwa ni wa yale yasiyoonekana. Kila robota ya kitambaa hupimwa kabla ya kuuzwa: hewa inapenya kiasi gani, kitambaa kinachanika kwa nguvu gani, nyuzi za ukingoni zinachomoka zikivutwa kwa namna gani mshononi. Vipande huwekwa kwenye oveni kwa zaidi ya saa 400, vingine kwenye joto lenye mvuke, halafu vinapimwa upya. Mfuko uliokamilika hulipuliwa ukiwa kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri na tena kwenye joto la 85. Kumbukumbu za yote hayo huhifadhiwa kwa miaka, ili mfuko mmoja ukipasuka ijulikane umetoka kwenye robota ipi na uzi wa siku gani. Hata cherehani zinazoshona mifuko hii huhesabu mishono na kukataa kuendelea ikipungua. Mwenye kiwanda cha magari halipii kitambaa pekee. Analipia faili hilo, na faili hujengwa kwa miaka ya kuuza vitu vidogo bila kuvuruga.

Kuna mifuko ya pembeni, ile inayoshuka dirishani kama pazia, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Hufumwa kwa mtambo wa Jacquard, unaoongoza kila uzi wa mtande peke yake, matabaka mawili kwa mpigo mmoja, yakiungana kuwa tabaka moja pale ambapo mshono ungekuwa, na lazima ishike gesi kwa sekunde kadhaa gari likipinduka. Anayesema tuanze na hiyo nadhani anatania.

Na uzi? Nailoni 6,6 ya kiwango hicho haitengenezwi hapa. Tungeagiza uzi, tufume, tusafirishe kitambaa kwa mtu mwingine aweke kifaa cha gesi, kisha eabegi iliyokamilika irudi ndani ya gari. Magari tunayounganisha wenyewe mengi ni malori na mabasi, na eabegi, pale ilipo, huja ikiwa kamili. Nairobi hakuna anayenunua kitambaa hicho kwa mita. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha nyuma, ingawa najua mtu atanikumbusha kwamba jeans za Athi River nazo hazikuanza kwa soko la Nairobi.

Historia moja ya Japani inazisaidia pande zote mbili. Takata ilianza mwaka 1933 katika mkoa wa Shiga ikiwa kampuni ya nguo, ikatengeneza kamba za miavuli ya kurukia, ikaingia kwenye mikanda ya magari kufikia mwaka 1960, na eabegi ikazianza miaka ya 1980. Kwa hiyo ni kweli mfumaji anaweza kufika huko. Lakini tazama ngazi alizopanda, na muda. Halafu tazama alivyoanguka: nitrati ya amonia iliyotumika kutoa gesi ilizeeka kwa joto na unyevu, vifaa vikapasuka na kurusha vipande vya chuma vilivyopenya kitambaa na kuua watu. Takribani vifaa milioni 100 vikaitwa virudishwe duniani kote, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Kitambaa hakikuwa na kosa. Ila kilichowaponza ni kilekile kinachotuhusu sisi tunaonunua gari likiwa na miaka saba: kitu kilichofaulu mtihani kikiwa kipya.

Ndiyo maana nasema mkanda kwanza. Eabegi ilibuniwa kuusaidia mkanda, na ndiyo maana ya herufi ya kwanza (S ya "supplemental", yaani ya nyongeza) katika ile SRS iliyoandikwa kwenye usukani. Abiria wa matatu hana eabegi mbele yake. Ana mkanda, au anapaswa kuwa nao, tangu kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Panda matatu leo uushike. Mara nyingi umekatika ukingoni, umefungwa fundo, au ni kanda ya begi iliyoshonewa buckle ya zamani. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu, ambao mkanda hauwahusu, lakini abiria nao wamo.

Kama kitambaa, mkanda ni mwalimu mzuri. Ni poliesta, kwa hiyo ubishi wa nailoni haupo: poliesta hainyooki ovyo, hainywi maji, na inavumilia jua. Upana wake ni milimita 47 hivi, na hufumwa kwa mtambo mwembamba wa sindano unaoenea kwenye karakana ya kawaida ya Kariobangi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mikanda, nambari 16, inataka usikatike chini ya kilonyutoni 14.7, yaani kama vile tani moja na nusu ininginie hapo. Mashine ya kuvuta kiasi hicho si ajabu katika maabara ya uhandisi. Mkanda pia unafundisha tabia ileile inayodaiwa na eabegi: kupima kila fungu, kuzeesha vipande kwa jua na msuguano, kuandika, kuhifadhi. Ukikosea, umepoteza fungu la kanda, hujapoteza mteja wa dunia nzima.

Watakaonipinga watasema mkanda wa kutoka nje ni rahisi kuliko wowote tutakaoufuma. Wana haki, na hapo sina jibu la kifumaji. Mwenye matatu ananunua kinachopita ukaguzi. Ikiwa ukaguzi ni wa kuangalia tu kama kuna kitu kinachofanana na mkanda, atanunua kanda ya begi, na mfumaji wa Kariobangi aliyelipia vipimo atafunga mlango ndani ya mwaka. Lakini mkanda usio na alama ya fungu na kipimo ukikataliwa pale gari linapokaguliwa kila mwaka, bei ya kanda ya begi haitakuwa na maana tena, na aliyefuma akapima atakuwa na wa kumuuzia.