Magari mapya ya wagonjwa si maandalizi
Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema Dodoma sasa iko tayari kwa shambulio la kigaidi au ajali kubwa kwa sababu magari ya wagonjwa yameongezeka. Sikubaliani naye. Gari moja linabeba majeruhi mmoja au wawili. Treni ya abiria iliporudi nyuma na kugonga ya mizigo huku Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002, walikufa watu 281. Siku kama hiyo anahitajika mtu aliyefunzwa kusimama palepale na kuwachambua majeruhi kwa rangi: nyekundu asiyeweza kusubiri, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani anayetembea, nyeusi aliyefariki. Mimi ni muuguzi wa dharura, na kila basi linapopinduka naona yaleyale: wanaopiga kelele ndio wanapakiwa kwanza kwenye bajaji na pikapu, wote wanashushwa mlango mmoja wa hospitali, na aliyenyamaza kwa kuvuja damu ndani kwa ndani anaachwa kando ya barabara. Bomu ni baya zaidi, maana la pili huweza kutegwa kwa ajili ya waokoaji, kwa hiyo huingii mpaka polisi wakague (kusubiri huku unasikia mtu analia ni kugumu mno). Haya yanataka mazoezi ya pamoja: hospitali, Zimamoto, polisi, Msalaba Mwekundu, na hata bodaboda, maana wao ndio hufika kwanza. Ndugu zangu wa Kongwa, Mpwapwa na Bahi, kuna aliyewahi kuona zoezi la namna hiyo wilayani kwenu?