Jua lilichomoza kwenye madaftari 52

Muhula wangu wa kwanza chuoni hapa Marekani, mhadhiri alinirudishia insha isiyo na maksi. Hakuna vyema, hakuna hata mstari mwekundu. Pembeni mwa aya ya kwanza aliandika kwa penseli: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Aya hiyo nilikuwa nimeianza na wahenga, nimewatafsiri kwa Kiingereza kwa madaha yote. Na mimi nilitoka Kenya nikiitwa fundi wa insha, jamani!

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena ile insha nikitafuta mahali nilipoonekana mimi. Sikuwemo.

Shuleni kwetu tulikuwa na daftari la misemo. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili: mianzo, tamati, tashbihi, namna 6 za kusema mtu alikimbia. Mwanzo tulioupenda zaidi ulikuwa wa jua kuchomoza kutoka matlai huku ndege wakitumbuiza. Iwe insha ni ya wizi, ya harusi au ya ajali, jua lilichomoza. Darasani tulikuwa 52, basi likachomoza kwenye madaftari 52, na kila daftari likapata vyema yake nyekundu. Ajali yenyewe ilitokea saa ngapi, nani alikosea, hayo hayakuwa na maksi nyingi. Sikumbuki hata mara moja kuambiwa nikaiandike upya.

Simlaumu mwalimu. Angetaka kusoma rasimu 2 za kila mmoja wetu, hizo ni karatasi 104, za darasa moja. Halafu kuna KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, inayomsubiri. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili tuliyoifanya ilitaka insha 2, ya kwanza ya lazima, nyingine unachagua, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa 1 na dakika 45. Yaani maneno 800 kwa dakika 105, pamoja na kusoma maswali na kuhofu. Hapo nani ana nafasi ya kufikiri? Unachota ghalani kile ulichokariri.

Huku nililazimishwa kurudia. Rasimu ya kwanza inasomwa na wanafunzi wenzako, ya pili na mhadhiri, na katikati unaweza kwenda kituo cha uandishi ukakaa na mtu anayekuuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" Mara nyingi nilimjibu kwa mdomo vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandika. Akasema, "Basi liandike hilo."

Lakini msidhani Wamarekani wamelimaliza tatizo. Wenzangu walitoka sekondari na daftari lao la misemo, ila wao huliita insha ya aya 5: utangulizi, hoja 3, hitimisho. Mmoja alikosa hoja ya tatu, akaikata ya pili vipande viwili, akalala usingizi. Na kilio hiki cha wanafunzi kutojua kuandika ni cha zamani. Harvard ilianza kudai insha kwenye mtihani wa kuingia mwaka 1874, na kufikia 1885 ikawa na somo la uandishi la lazima kwa mwaka wa kwanza.

Insha ya methali ya kwetu, ile ya kutunga kisa kinachothibitisha methali, hata hivyo, nisingeitupa. Inakulazimisha kusuka kisa ambacho tendo lina matokeo yake, na wenzangu wengi wa hapa hawakuweza kusimulia hata safari ya basi bila kuiwekea hoja 3. Ninachokataa ni ile insha inayoandikwa mara moja, ikatiwa maksi, ikazikwa.

Juzi binti wa kaka yangu alinitumia insha yake kwa WhatsApp. Kisa cha moto bwenini, usiku wa manane. Mstari wa kwanza: jua lilikuwa limechomoza kutoka matlai. Nikamwuliza, usiku wa manane?

"Shangazi, nikilitoa nakosa vyema."

Nikamwambia alitoe, kisha anitumie tena. Bado nasubiri.