Ndege ya gerejini inapopata mwenye wa pili

Mkulima mmoja wa ngano wa Njoro, rafiki yangu, anataka kununua ndege. Cessna, ile ndege ndogo ya kiwandani, haitaki. Anataka Kitfox ya viti viwili ambayo mstaafu mmoja wa Marekani aliiunda mwenyewe kwenye gereji ya nyumba yake, na sasa anaiuza. Alipolitaja jambo hilo mezani hapa Nakuru, makenika mmoja mzee aliyeshika spana uwanja wa ndege wa Wilson kwa miaka mingi alikiweka kikombe chini. "Na jeneza je," akauliza, "utanunua la mtumba pia?"

Tulicheka, lakini mzee hakuwa akitania sana. Wengi wanaamini hivyo: ndege ya jua kali itakuua, ya mtumba itakuua mapema zaidi. Nadhani wanaogopa kitu halisi, ila wamekielekezea kidole mahali pasipo.

Hoja zao zina uzito. Ndege ya kiwandani ina ndugu zake maelfu. Ufa ukionekana kwenye bawa la moja, wenye nyingine wanaarifiwa. Ya kujiundia haina pacha. Seti moja ya vipuri vya kujiundia inaweza kuzaa ndege mbili ambazo nyaya zake hazifanani, wala mabomba yake ya mafuta. Marekani huzisajili kama ndege za majaribio, kwa sharti kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojifunza au kujiburudisha, na haziruhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Mkataba wa Chicago wa 1944 unazitaka nchi zitambuliane vyeti vilivyofikia viwango vya kimataifa, na cheti cha majaribio hakimo humo. Kwa hiyo KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hailazimiki kuzikubali karatasi za huko. Mwagizaji anaanza moja. Hata vipuri si vya kuvitegemea macho yamefumbwa: Van's Aircraft, jina kubwa kuliko yote katika biashara ya vipuri vya ndege za kujiundia, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Desemba 2023.

Haya yote nayakubali. Lakini anayepanda Cessna 172 ya 1974 bila wasiwasi anaiogopaje Kitfox ya 2010? Cessna waliacha kuunda 172 mwaka 1986 wakarudi miaka kumi baadaye, na nyingi zinazoruka huku ni za kabla ya hapo. Zimepita mikononi mwa wanafunzi wangapi, zimetua kwa kishindo mara ngapi? Mtu aliyeunda ndege yake miaka minne au mitano kila jioni, akijua ni yeye na mkewe watakaokaa ndani, halipui kazi. Tena kuna mambo ya mkulima ambayo wenye hangari Nairobi hawayaoni: mabawa ya Kitfox yanakunjwa, ikalala ghalani kando ya trekta, na injini ya Rotax 912 inakubali petroli ya gari. Aliyewahi kusaka avgas, petroli maalumu ya ndege, nje ya Nairobi anajua hiyo ni nafuu ya namna gani.

Sasa kuna namba moja ambayo nimeigeuzageuza mpaka imenichosha. Mwaka 2012 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilitoa ripoti kuhusu ndege hizi. Ilihesabu ajali 224 za mwaka 2011, na zaidi ya nusu ya ndege hizo zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Ajali 14 zilitokea katika safari ya kwanza kabisa ya mwenye mpya. Kumi na nne kati ya 224 ni kama moja katika kila kumi na sita. Mtu anaweza kusema si nyingi. Hebu fikiria safari ya kwanza ni muda gani. Ni saa moja, pengine dakika ishirini, katika miaka ambayo mtu atakaa na ndege ile. Saa hiyo moja haikupaswa kuonekana kabisa kwenye hesabu.

Na kati ya safari ya mwisho ya muuzaji na ya kwanza ya mnunuzi, ni nini kilichobadilika? Ribiti ni zilezile. Bawa ni lilelile. Aliyeondoka ni mtu aliyejua kila kitu kilipo.

John Denver, mwimbaji ambaye wazee wa Bonde la Ufa bado wanamfurahia redioni, alikufa hivyo tarehe 12 Oktoba 1997 huko California. Ndege yake, ya kujiundia aina ya Long-EZ, ilikuwa imeundwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameipata majuzi tu. Mjenzi hakutaka mabomba ya mafuta yapite kwenye chumba cha rubani, basi akaiweka valvu ya kubadilisha tangi nyuma ya bega la kushoto, kinyume cha michoro. Kwake yeye ilikuwa na maana. Mgeni alilazimika kujipinda ili aifikie, na wachunguzi walihitimisha kwamba alipojipinda mguu ulikanyaga pedali na ndege ikamponyoka.

Ndiyo maana kuagiza kutoka nje kunanipa shaka kuliko ndege yenyewe. Kontena linaleta mabawa, lakini mjenzi anabaki ng'ambo na kila alichonacho kichwani. Hata kile cheti kinachomruhusu kuikagua na kuitia sahihi kila mwaka ni chake yeye, hakiuzwi pamoja na ndege. Mombasa inafika ikiwa vipande. Anayeiunganisha upya amekuwa mjenzi nusu, apende asipende, na nyaya za usukani zikifungwa kinyume hakuna wa kumwambia. Kisha kuna mwinuko. Injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, na Nakuru iko karibu mita 1,850. Farasi 100 walioruka Florida hapa ni kama 82, na Eldoret wanapungua tena. Daftari la ndege iliyokulia pwani halisemi lolote juu ya adhuhuri ya Kitale.

NTSB yenyewe haikusema ndege hizi zipigwe marufuku. Ilihimiza wenye wapya wapewe mafunzo ya ndege ileile waliyoinunua. Nilimwambia mkulima hivyo: kabla ya kontena, nunua tiketi. Kaa na mjenzi wiki mbili, ruka naye, muulize kwa nini kila swichi iko pale ilipo, mrekodi kwa simu. Kisha mlipe makenika wetu huyuhuyu mwenye maneno makali asimamie ufunguaji wa mabawa kulekule, kwa kuwa ndiye atakayeyafunga.

Mzee aliposikia kuna safari ya Marekani alinyamaza kidogo. Halafu akauliza huko ni baridi miezi gani.