Muuaji nikishamjua ndo stori inaanza

Kuna swali naulizwa kila nikianza kuongelea drama za upelelezi za Wakorea na Wajapani, eti "sasa we ukishajua muuaji ni nani si imeisha, unarudia ya nini?" Na mi Signal nimeirudia mara nne. Wauaji wote nawajua, nani atakufa na wapi nakumbuka, na bado nikifika ile sehemu ya ukumbi wa sinema lazima nisimamishe kwanza nikanywe maji. Leo nataka niliongee hili kwa kirefu maana naona watu wengi wanaziangalia hizi drama kama chemsha bongo ya gazetini, ukishajaza kile kiboksi cha mwisho gazeti unafungia vitumbua.

Spoila zipo humu, nasema mapema.

Ile sehemu ya sinema iko hivi. Lee Jae-han ni polisi kijana, mwishoni mwa miaka ya 80, mwili mkubwa, mkimya, kaoza kwa dada mmoja anayefanya kazi ofisi ya serkali ya mtaa na hata kumwambia hawezi. Yule dada anauawa. Kwenye vitu vyake kuna tiketi za sinema alizokuwa amemwekea Jae-han. Basi jamaa anaenda, peke yake, anakaa. Filamu yenyewe ni ya kuchekesha, ukumbi mzima wanavunjika mbavu, na katikati ya vile vicheko yeye analia kama mtoto, mabega yanatikisika, na hakuna hata mmoja anayegeuka kumwangalia. Hamna muziki wa kukulazimisha ulie, ni vicheko vya watu tu. Mi naamini ile ni moja ya dakika bora kabisa zilizowahi kurushwa kwenye televisheni ya Korea na haina uhusiano wowote na nani kaua.

Kwa ambao hawajaiona, Signal ilirushwa na tvN mwanzoni mwa 2016, episodi 16, kaiandika Kim Eun-hee. Kijana wa 2015 anayechambua tabia za wahalifu anaokota redio koli ya zamani ya polisi, ina kistika cha njano cha uso unaotabasamu, betri haina kabisa, lakini ikifika saa tano na dakika 23 usiku inaongea, na anayeongea upande wa pili ni huyo Jae-han akiwa miaka ya nyuma huko. Ukisikia hivyo unasema aah mambo ya uchawi. Nilisema hivyo hivyo. Ila yule mwandishi redio kaitumia kwa kitu kimoja tu, kuwapa nafasi watu ambao mafaili yao yalishafungwa, na hapo ndo unagundua kwamba stori yenyewe imetoka kwenye kidonda cha kweli.

Maana hicho kidonda kipo, kinaitwa Hwaseong. Ni eneo la mkoa wa Gyeonggi, na kati ya 1986 na 1991 waliuawa wanawake kumi kule na polisi hawakumpata muuaji. Bong Joon-ho alishaifanyia filamu 2003, Memories of Murder, na ile filamu inaisha bila majibu kwa sababu majibu yenyewe hayakuwepo. Signal ikaja nayo ikaichukua ile kesi ikaibadilisha. Halafu Septemba 2019, miaka mitatu baada ya Signal, vinasaba vikamtaja mtu, Lee Choon-jae, na alikuwa jela tayari, kifungo cha maisha, kwa kumuua shemeji yake 1994. Miaka yote hiyo watu wanamtafuta yeye yuko ndani anakula chakula cha serikali. Alikiri mauaji 14. Na hawakuweza kumshtaki hata kwa moja kati ya yale ya Hwaseong kwa sababu muda wa kisheria wa kufungua mashtaka ulishaisha 2006.

Hiki kitu cha muda kuisha ndo uti wa mgongo wa Signal na nadhani wengi wanaoangalia kwa Kiswahili kinawapita, hasa ukiangalia zile zilizotafsiriwa haraka haraka juu ya sauti. Korea zamani ilikuwa ukiua mtu halafu ukajificha miaka 15 basi, huwezi tena kushtakiwa, 2007 wakaongeza ikawa 25, na 2015 ndo wakafuta kabisa kwa mauaji. Waliifuta baada ya kampeni ya wazazi wa mtoto wa miaka 6 aliyemwagiwa tindikali mjini Daegu mwaka 1999 akafa, sheria hadi leo inaitwa kwa jina lake, Tae-wan, na ilipokuja kupita Julai 2015 kesi ya mtoto wao mwenyewe ilikuwa imeshapitwa. Soma tena hiyo sentensi polepole. Wamepigania, wamepata, na wao haiwahusu. Miezi michache baadaye Signal inaanza kuonyeshwa na zile episodi mbili za kwanza zote ni saa ya ukutani, mtuhumiwa kakaa chumba cha mahojiano kanyamaza, na kila mtu kituoni anajua ikigonga saa sita usiku huyu mtu anatoka mlangoni. Mkorea aliyekaa kuangalia ile 2016 alikuwa anajua kabisa ile saa ni ya nini.

Naomba niseme kwa nini hili linanigusa hivi. Mjomba wangu, kaka wa mama, aliondoka nyumbani 1998 kwenda kutafuta maisha machimboni na hajarudi mpaka leo, hakuna barua wala kaburi. Bibi mpaka anafariki, ukimuuliza una watoto wangapi, alikuwa anajibu wanane, mmoja yuko safari. Kila mara hivyo hivyo, mmoja yuko safari. Hajawahi kulia mbele yetu kwa hilo. Kwa hiyo mi nikiona drama inaua mtu dakika ya tatu halafu inakimbilia kwa mpelelezi mzuri wa sura anavaa glovu, najiuliza moja kwa moja, na huyu wa nyumbani kwao mnamwacha wapi?

Ndo sababu kwangu Beyond Evil ya 2021, ile ya kituo cha JTBC, iko juu kabisa, na nashukuru wale wa tuzo za Baeksang za Korea mwaka ule waliliona wakaipa tuzo ya drama bora na Shin Ha-kyun akapewa ya mwigizaji. Mji mdogo, Manyang, wa kubuni, wote wanajuana. Lee Dong-sik pacha wake alipotea miaka 20 nyuma, zikabaki ncha za vidole zimepangwa, na yeye kwanza ndo alishukiwa. Sasa angalia wanavyofanya: muuaji wanakuonyesha kabla hujafika nusu! Wengine wangeishiwa stori pale. Wao wanaanza upya, maana kumbe kuua ni sehemu moja, kuna aliyeficha, kuna aliyeona akanyamaza, kuna aliyepata cheo kwa kunyamaza, na wote wanakutana jioni kwenye bucha moja wanakaanga nyama wanacheka pamoja, na mwenye bucha ni dada ambaye mama yake naye hajulikani alipo. Ile meza ya nyama naipenda kuliko chumba chochote cha mahojiano. Unawaangalia wanavyogeuza nyama na unajua mmoja wao anajua kitu.

Stranger ya 2017, wengine wanaiita Secret Forest, kaandika Lee Soo-yeon, najua mashabiki wengi wataiweka namba moja na sitawabishia sana. Cho Seung-woo ni mwendesha mashtaka aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni na hisia zikafifia, Bae Doona ni polisi anayechora chora vikatuni kwenye daftari, na wale wawili wakikaa tu pamoja nafurahi. Kwa kuonyesha jinsi rushwa inavyotambaa ofisini hakuna drama inayoigusa, yaani inaanza na bahasha na chakula cha mchana unajikuta umefika kwa wakubwa wenyewe. Ninachosema tu ni kwamba inakufanya ufikiri zaidi kuliko inavyokuuma, na mi nataka iniume.

Wajapani sasa. Wajapani wana njia nyingine kabisa na inabidi uwape muda. Sizoni yao ya kawaida ni episodi kumi au kumi na moja, dakika hamsini hivi, inakatwa, imeisha, hamna kuvuta vuta. Na wana mazoea ya zamani ya kutojali "nani". Furuhata Ninzaburo ilianza 1994 na kila episodi muuaji unamwona anaua mwanzoni kabisa, kazi yako ni kumwangalia mpelelezi, Tamura Masakazu, na lile koti jeusi akimzunguka taratibu mpaka amkamate kwa neno moja. Galileo yenyewe inauliza "vipi". Ila zinazonivuta mimi ni zile zinazouliza "kwa nini", na hapo lazima nitaje Shinzanmono ya kituo cha TBS, 2010, kutoka riwaya ya Higashino Keigo.

Mwanamke kauawa kwenye nyumba aliyopanga peke yake, mtaa wa zamani wa Tokyo, Nihonbashi, na Abe Hiroshi ni Kaga, polisi aliyehamia juzi tu hapo. Anachofanya Kaga ni kutembea dukani. Anaingia duka la vitafunio, anaingia wanakouza vyombo, anapanga foleni ya vikeki vya ningyo-yaki kama mtu asiye na kazi, anauliza vitu vidogo hata havieleweki. Na kila duka lina siri yake, uongo mdogo mdogo wa kulinda mtu, mjukuu anamfichia bibi, mke anamfichia mama mkwe, hakuna hata mmoja aliyeua. Kaga anaufungua kila uongo kwa upole anaondoka, na wale watu wanabaki wamepona kitu. Wapo waliochoka episodi ya pili wakasema polepole mno. Mi nasema ule ndo upelelezi wenyewe, maana mwisho wa siku yule marehemu unamjua, unajua alikuwa anataka kula nini na kwa nini alihamia pale.

Na Unnatural, 2018, TBS pia, episodi kumi, kaandika Nogi Akiko. Maabara inayochunguza vifo vyenye utata, kwa sababu kule Japani vifo vingi vya namna hiyo maiti haipasuliwi kabisa, inaandikwa moyo umesimama, inachomwa, ushahidi wote umeondoka na moshi. Daktari Mikoto, anayeigizwa na Ishihara Satomi, unamkuta asubuhi anakula bakuli la wali na tempura kabla ya kazi, anakula kwa nguvu kweli. Baadaye unajua alibaki hai peke yake pale mama yake alipoamua familia yote ife pamoja. Basi lile bakuli likabadilika machoni kwangu, nikawa kila akila namwangalia. Na Nakado, daktari mwenye matusi mdomoni, mchumba wake aliuawa na aliyempasua ni yeye mwenyewe, na ndani ya mdomo wa marehemu akakuta alama nyekundu yenye umbo la samaki, tangu siku hiyo anaitafuta ile alama kwenye kila maiti. Hakuna anayepigana kwenye hii drama kwa namna ya kukumbuka. Ni watu wanaokataa kuandika tu "chanzo hakijulikani".

Hasira zangu nazo niziseme. Wakorea kuna kipindi walilewa saikopathi, yule mtu asiye na huruma wala majuto. Kila drama saikopathi, mara jeni ya saikopathi, Mouse ya 2021 imejengwa juu ya hiyo hiyo, kwamba mtoto anapimwa tumboni. Naelewa inavyoshika watu na episodi zinavyokata pabaya, ila ukishasema mtu kaua kwa sababu ya damu yake umewasamehe wote waliokuwa pembeni, baba, shule, polisi waliopokea simu wakapuuza. Na wanawake wanauawa kwa mtindo ule ule, mvua, uchochoro, viatu virefu, jina lake hata hulikumbuki. Inachosha na inaumiza. Wajapani nao wana zile za Anata no Ban Desu, 2019, wapangaji wa jengo moja wanacheza mchezo wa kuandikiana majina ya watu wanaotaka wafe, wazo tamu kweli, ila ikavutwa mpaka episodi 20, maiti zikawa nyingi mpaka mtu akifa naangalia simu.

Halafu kuna deni moja nadhani Wajapani wanalilipa vizuri kuliko Wakorea, la waliofungwa bure. Kwenye Hwaseong kuna mtu alikaa jela miaka 20 kwa mauaji ya nane kati ya yale kumi, ambayo hakuyafanya, mahakama ikamsafisha Desemba 2020. Japani wana Hakamada Iwao, hukumu ya kifo 1968, kasafishwa Septemba 2024 ana miaka 88. Elpis ya 2022 inachimba huko, mtangazaji wa televisheni na mwongozaji kijana wa vipindi wanafufua kesi ya mtu anayesubiri kunyongwa, na kinachowazuia zaidi ni kituo chao wenyewe cha televisheni, mabosi, wadhamini, woga. Nagasawa Masami, anayeigiza huyo mtangazaji, mle ndani hawezi kumeza chakula, hawezi kulala, na drama haiharakishi kumponya. Natamani mtu Korea aandike ya namna hiyo kuhusu yule wa miaka 20.

Mdogo wangu wa kike kaniomba nimpe ya kuanzia, nikampa Unnatural kwanza kwa sababu ni fupi na bando lake dogo. Ana siku tatu, kafika episodi ya nne, jana usiku kanitumia ujumbe wa sauti anauliza huyu daktari Nakado ana hasira gani na watu. Sijamjibu.