Mnyororo Mmoja au Makafi Mawili

Watu wawili wenye nguvu zisizolingana wakitaka kusafiri pamoja bila mmoja kumngoja mwenzake njiani, baiskeli ya watu wawili inafaa, na kayaki ya watu wawili, yaani mtumbwi mwembamba wa kupiga makafi, nayo inafaa. Ila kila moja inawafunga kwa namna yake, na ubishi uko hapo.

Kwenye baiskeli, mnyororo huunganisha pedali za mbele na za nyuma. Wa mbele akizungusha, miguu ya wa nyuma nayo inazunguka, apende asipende. Usukani na breki viko kwa wa mbele; wa nyuma ana mgongo tu wa kutazama. Wa mbele akiacha kukanyaga ghafla, mwenzake anashtukia magotini. Kwa hiyo rubani mzuri, yaani huyo wa mbele, husema kila kitu mapema: shimo, kona, tunapunguza, tunasimama.

Wapo wanaouona utegemezi huo kuwa uonevu. Kwangu mimi, thamani ya baiskeli hii ni hiyo hiyo. Katika Paralimpiki, wasioona hushindana nayo, mwenye kuona akiwa mbele, na wakishinda wote wawili huvishwa medali. Douglas Sidialo, Mkenya aliyepofuka katika shambulio la bomu la Nairobi, Agosti 7, 1998, aliendesha baiskeli ya aina hii kutoka Cairo hadi Cape Town. Hakuwa abiria: mguu wake ulisukuma mnyororo sawasawa na wa mwenzake.

Kayaki haina mnyororo. Kila mtu ana kafi lake. Anaweza kupumzika akanywa maji, na chombo kikaendelea. Wa omo hutoa mdundo kwa kuwa hamwoni wa nyuma, na wa tezi humfuata. Wakipishana kidogo, makafi yanagongana. Lakini katika kayaki nyingi za baharini pedali za usukani ziko miguuni mwa wa tezi, hivyo mmoja anashika mdundo na mwingine mwelekeo. Kwenye mbio za K-2, yaani kayaki za mashindano za watu wawili, zilizoingia Olimpiki mwaka 1936, usukani uko kwa wa mbele.

Uhuru huo una gharama. Upepo wa mbele ukivuma na mmoja akaweka kafi chini, mwenzake anavuta uzito wa wawili. Kwa asiyeona, au mzazi na mtoto mkubwa, ningeanza na baiskeli iliyorekebishwa viti. Kwa wawili wanaotaka kuamua pamoja, kayaki, kwenye maji matulivu, majaketi ya kuokolea yakiwa yamefungwa, na wabadilishane nafasi kila wakifika ufukweni.