Nyumbu Hawajavuka Mto, kwa Mujibu wa Kifungu

Mimi nimezaliwa Mugumu, Serengeti. Naomba hilo lieleweke kabla hatujafika mbali. Nyumbu sikuwasoma kitabuni, nimewakuta. Najua Januari mpaka Machi wako kusini kule Ndutu wanazaa. Najua majani yakiisha wanapanda kaskazini, wanakutana na Mto Grumeti njiani, na kuanzia Julai hivi wanafika Kogatende wanajitosa Mto Mara huku mamba wamekaa mkao wa kula. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona jambo hilo. Sisi tulikuwa tunalisikia tukiwa tumelala.

Sasa juzi nafungua zoezi la ufahamu la IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza chako, nakuta kifungu kinahusu wanyama wanaohamahama. Nikajisemea, leo Mungu kanikumbuka. Kauli ya tatu inasema nyumbu wa Serengeti huvuka Mto Mara kila mwaka. Unatakiwa uchague moja kati ya tatu: Kweli, Si Kweli, au Haikutajwa. Nikaandika Kweli. Kwa wino, wala si penseli, maana kitu chenyewe hakina mjadala. Nageuza nyuma kwenye majibu: Haikutajwa.

Haikutajwa! Kumbe mwandishi alisema tu kwamba nyumbu wanafuata mvua na malisho, akaishia hapo. Mto hakuugusa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kifungu, nyumbu milioni moja na ushee wamesimama ukingoni mpaka leo wanasubiri mwandishi awape ruhusa.

Nani kanituma? Masta. Ofisini kwetu bila masta utazeekea kwenye meza ileile, iliyo karibu na mlango, ambayo kila mgeni anakuja kukuuliza choo kiko wapi. Nikaomba vyuo, chuo kimoja cha Uingereza kikanikubali, ila kwa masharti: nipate 6.5 kwa jumla kwenye hiyo IELTS, na kusiwe na kipengele kilichoshuka chini ya 6. Ndugu zangu, hiyo "ila" ndiyo imenitoa usingizini.

Nikawaandikia kwa unyenyekevu. Nikawaambia, wakubwa, mimi kuanzia kidato cha kwanza hadi digrii nimesoma kwa Kiingereza, kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nikaambatisha barua ya chuo yenye muhuri. Sikuwaambia yote, bila shaka. Sikuwaambia kwamba mwalimu alikuwa anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anafafanua kwa Kiswahili, na fimbo anachapa bila lugha. Wakajibu kwa upole kabisa kwamba wanashukuru, na mtihani uko palepale. Kumbe serikali yao ina orodha ya nchi ambazo watu wake hawadaiwi ushahidi wa Kiingereza. Jamaica imo. Malta imo. Tanzania haimo. Nikataka kulia, halafu nikaona Kenya nayo haimo, Wakenya ambao hata nauli wanagombania kwa Kiingereza. Nikapata nafuu kidogo, Mungu anisamehe.

Basi nikaingia kwenye mazoezi. Sehemu ya kusoma ina vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60. Vifungu hivyo ukivijumlisha ni maneno kati ya 2,150 na 2,750, na cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, kinakungoja ukiwa umeshachoka. Kwenye mtihani wa karatasi, ukimaliza sehemu ya kusikiliza unapewa dakika 10 za kuhamishia majibu yako. Kwenye kusoma, dakika ya kuhamishia hakuna. Ukikuta muda umekwisha majibu yako yako pembeni mwa kifungu, yameoza hapohapo.

Halafu kuna masharti madogo madogo. Ukiambiwa jibu lisizidi maneno mawili, ukaongeza kijineno kimoja kwa ajili ya adabu, umekosa. Herufi moja ikipinda, umekosa. Kuna maswali ya kuzipa aya vichwa vya habari, na kwa makusudi vichwa vinakuwa vingi kuliko aya, ili viwili vikutazame kwa macho yaleyale ya kukupenda. Ukijua kuchagua Kweli na Si Kweli, unafungua ukurasa unakuta safari hii unatakiwa useme Ndiyo na Hapana, kwa sababu lile la kwanza lilihusu habari na hili linahusu maoni ya mwandishi. Na ukifaulu vyote hivyo, matokeo yanadumu miaka 2 tu. Baada ya hapo Kiingereza chako kinahesabika kimechacha.

Nikaenda tuisheni. Mwalimu wetu ni kijana mwembamba, anaongea haraka, na anatoza kwa saa. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Msisome kifungu." Tukatazamana. Akasema anzeni na maswali, mkishajua mnatafuta nini ndiyo mwingie kwenye kifungu kukitafuta. Neno la pili: "Unachokijua kuhusu dunia kiache nje ya chumba cha mtihani pamoja na simu yako." Mimi nimelelewa kwa kuambiwa mtoto mwenye akili ni yule anayejua mambo. Sasa nina watoto wawili na ninalipia mtu anisaidie kutojua.

Kufanya mazoezi penyewe ni shughuli. Ninakaa Kimara. Nyumbani jioni kuna spika mbili zinazotazamana, moja ya mhubiri na moja ya grosari, na umeme ukikatika ukadhani sasa utasoma kwa utulivu, wote wana jenereta. Kwa hiyo nasomea kwenye mwendokasi nikienda kazini, mkono mmoja bombani, mkono mmoja kwenye simu, pua yangu kwenye kwapa la raia mwenzangu. Siku moja natafakari swali la kuchagua herufi, tumeshapita Manzese, nasikia sauti begani: "Kaka, hiyo si ni C?" Nageuka, jamaa ana ndoo ya rangi na brashi mbili, fundi. Alikuwa anasoma na mimi tangu Ubungo! Nikamwuliza kwa nini C. Akasema, "Ni C tu," akateremka Magomeni Mapipa. Jibu ninalo. Sababu kaondoka nayo kwenye ndoo.

Steshenari ndiko ninakochapia makaratasi. Kijana wa pale anayapanga vizuri, anabana pini, kisha ananitazama kwa huruma: "Masta, eeh? Mimi digrii ninayo." Akanirudishia chenji. Sijui alitaka kunitia moyo au kunivunja, na kwa mtihani huu sithubutu tena kukisia.

Kuna na kundi la WhatsApp la watahiniwa. Asubuhi tunaanza na "habari za leo wapambanaji" na maua. Saa nne mtu anatupia swali: hii ni Si Kweli au Haikutajwa? Hapo ndipo unaona watu wazima, wengine na vyeo vyao, wanabishana mpaka usiku wa manane kuliko Simba na Yanga. Mwingine analeta hadithi kutoka kwa shemeji yake aliyefaulu. Mwingine anauza kile anachokiita maswali ya mwezi ujao. Wa tatu anatoka kundini kwa hasira, anarudi asubuhi na maua.

Rafiki yangu anayetaka Marekani ananiambia nishukuru. Yeye anasomea GRE, mtihani wa kuombea masta kule, ambako sentensi moja inaanza, inaingia kwenye sentensi nyingine, inazaa humo ndani, na mpaka ikutane na nukta umesahau nani alimfanya nani nini. Kuna maswali yenye majibu matatu, yanaweza kuwa sahihi moja, mawili au yote, na ukipata mawili ukakosa la tatu hupewi hata nusu. Faraja yao ni kwamba alama zinaanzia 130. Hata ukijibu ovyo unatoka na mia na thelathini zako, mwanaume mzima. Kwetu huku ngazi inaishia 9, na ndiyo kwanza naitazama 6.

Lakini haya yote ningeyabeba. Kinachoniua ni kwamba nimeoa Pangani.

Mwanamke wa Pangani haongei, anavaa. Siku niliyolipa ada ya mtihani, bila kikao, kesho yake Mama Nasra kaamka kajifunga kanga mpya: "Japo sipati tamaa sikati." Kapita nayo mbele yangu kuelekea jikoni. Kapita nayo kurudi. Nikaichukua kama zoezi. Kauli ya kwanza: mvaaji kuna kitu hajakipata. Kweli, imeandikwa. Kauli ya pili: mvaaji ana hasira na mumewe. Kwa sheria za mtihani, Haikutajwa. Kanga haina mume ndani yake. Nikakaa kwa amani yangu kusubiri chai. Chai ikaja haina sukari, na kitafunwa hakikutajwa.

Sasa niambieni, mtu aliyefundwa kwa miaka yote hiyo kwamba neno lisilosemwa ndilo ujumbe wenyewe, kwamba ukisikia "mbona umepotea" ujue unadaiwa, kwamba mgeni akisema "aa, nimeshiba" umwekee sahani, mtu huyo leo unamkalisha kwenye kiti unamwambia asichukue chochote ambacho hakikuandikwa?

Juzi usiku nilikuwa nagugumia na lile zoezi la nyumbu. Mama Nasra yuko pembeni anachambua mchele kwenye ungo. Akasema, "Hebu nisomee." Yeye kaishia kidato cha nne na Kiingereza alikiacha hukohuko, kwa hiyo nikamtafsiria kifungu, kisha kauli moja moja. Mkono wake haukuacha mchele. Kweli. Kweli. Hapo wamekudanganya. Hilo hawajasema. Kweli. Hilo hawajasema. Nikaangalia majibu nyuma ya karatasi. Nikaangalia tena.

Nikamwambia, "Lakini Mama Nasra, nyumbu wanavuka mto. Mimi ni wa kulekule."

"Wanavuka. Hao ni wa kwenu. Wa kwenye karatasi ni wao, na hawajasema wanavuka. Usiwasemee."

Nikauliza kajuaje. Akanitazama kwa namna ya mtu anayeulizwa anajuaje kupumua. Akasema kwao mtu akikupiga kijembe, jambo la kwanza unajiuliza ni nini hasa kilichotoka mdomoni mwake, neno kwa neno. Maana ukijibu lile ambalo hakulisema, umejitaja mwenyewe, na yeye atakwambia mbele za watu, mbona mimi sikukusema wewe? "Nyie bara mnakimbilia maana," akasema, akatupa kijiwe nje.

Mwalimu wa tuisheni hajawahi kuliweka wazi hivyo, na saa ya Mama Nasra haina malipo. Au ndivyo nilivyodhani. Maana akatikisa ungo, akauliza bila kuinua macho, "Na ada ya Nasra ya muhula huu, imelipwa?"

Nikiwa bado na furaha ya nyumbu, nikajibu, "Haikutajwa."

Kaweka ungo chini. Kaingia chumbani. Baada ya muda katoka, kabadilisha kanga, kapita taratibu chini ya taa ili maandishi yaonekane vizuri. Sijayasoma bado. Nafuata ushauri wa mwalimu, kifungu hakisomwi kwanza. Nimekaa hapa kwenye kochi natafuta swali litakuwa lipi.